Siku moja maishani mwangu: kuhesabu wazishi Nebraska

Saa 11 alfajiri
Alamu inalia, nje bado giza. Nipo Nebraska, Marekani, kwenye vilima vya mchanga vilivyoota majani, huku ng'ombe ni wengi kuliko watu. Kibarua changu mwezi huu wa Agosti ni kuhesabu wadudu wanaozika mizoga, sitanii. Ni mbawakawa wa jenasi ya Nicrophorus, mi nawaita wazishi tu. Kwetu Tanga hawapo, na kusini mwa Sahara yote hawapo, ndo maana hata jina lao la mtaani hatuna.

Saa 12
Napakia pikapu. Chambo ni panya weupe wa maabara, tunawanunua wamegandishwa halafu tunawaanika juani ndani ya chupa siku tatu nne hivi mpaka ukifungua kifuniko machozi yanatoka. Vioo vyote chini hata kama kuna baridi. Siku hizi nikiingia dukani watu wananipisha foleni, raha kweli.

Saa 1 asubuhi
Mtego wa kwanza. Ni ndoo ya lita 20 imefukiwa mpaka mdomo ulingane na ardhi, ndani kuna udongo wenye unyevu na panya wetu, juu ubao wa kuzuia mvua ulioachiwa nafasi mdudu apite. Lazima ndoo zote zikaguliwe kabla ya saa 4 maana jua likishapanda wanakufa humo ndani.

Navaa glavu, naanza kutoa mmoja mmoja. Mwenye manyoya ya njano shingoni kama kavaa skafu, N. tomentosus (hiyo N. ni kifupi cha Nicrophorus), hao wamejaa. Miguu ya nyuma imepinda kama upinde, N. marginatus. Mweusi mwenye vinywele virefu juu ya mabawa, N. orbicollis. Halafu pale chini kabisa kajichimbia bwana mkubwa mwenyewe, N. americanus, sentimita tatu hivi, ngao ya nyuma ya kichwa katikati ina doa kubwa la rangi ya chungwa. Huyo ndo tunayemtafuta. Zamani alikuwepo majimbo 35, lakini alipowekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1989 ilikuwa inajulikana amebaki kisiwa kimoja Rhode Island na mashariki ya Oklahoma tu. Baadaye wakagundua huku Nebraska pia yupo, na 2020 akashushwa daraja, bado anahesabika yupo matatani ila siyo kama zamani.

Nampima, naangalia jinsia: juu ya mdomo dume ana alama ya chungwa ya mstatili, jike ana kapembetatu kadogo. Rangi inang'aa, basi kazaliwa mwaka huu, mzee huwa kafifia na meno yamelika. Mwili mzima umejaa utitiri, unatembea mpaka kwenye glavu yangu, ila utitiri huo ni abiria tu, wanapanda mdudu kama daladala wakifika mzogani wanashuka wanakula mayai ya nzi. Nikimaliza natoboa shimo kwa kidole namuingiza namfunika na udongo, ndege wasimuone.

Kwenye daftari naandika jina ZIMA. Wiki iliyopita niliandika “N. amer. 7”, bosi akafurahi mpaka akanikumbatia na hiyo harufu yangu. Kumbe wale saba walikuwa Necrophila americana, mbawakawa mwingine kabisa wa mizoga, ngao ya njano ina doa jeusi katikati, hata kuzika hazikagi. Nicrophorus americanus, Necrophila americana, jamani walioweka haya majina walikuwa na chuki na vibarua?

Saa 7 mchana
Nyumbani ni saa 3 usiku, nampigia mama. Leo kataka nimweleze vizuri hao wadudu wanafanyaje. Nikamwambia dume na jike wakipata panya au kifaranga kafa wanachimba udongo chini yake mpaka anazama, wanamnyonyoa manyoya yote, wanamviringisha kama tonge, wanampaka maji yanayotoka mdomoni na nyuma asioze haraka. “Kumbe wanaosha na maiti,” akasema. “Na kibla?” Nikacheka. Nikaendelea kwamba jike anataga pembeni, watoto wakitoka mama anawaita kwa kusugua mabawa yanatoa mlio, anawalisha mdomoni kama ndege, na watoto wakizidi nyama anakula baadhi yao. Kimya. “Astaghfirullah. Mwanangu, umekula lakini?”

Saa 8 mchana
Maabara, kuna droo la vielelezo vya zamani napanga upya. Lebo zingine zimeandikwa Necrophorus kwa e, na kwa Kigiriki ndo sahihi, mbeba maiti, ila Fabricius, mtaalamu wa wadudu aliyewapa jina, mwaka 1775 aliandika kwa i na sheria ya majina inasema la kwanza ndo hilo hilo, kosa limekuwa jina. Juu ya droo imeandikwa familia Silphidae. Mwaka 2022 ukatoka uchambuzi mpya wa ukoo wao ukawaingiza ndani ya Staphylinidae, wale wadudu wenye mabawa mafupi, sasa wanakuwa tawi tu la familia ya wenzao. Nikamuuliza bosi nibadilishe? Akaniambia acha kwanza. Binafsi naona ni kweli, ukimtazama huyu mzishi mabawa ya juu hayafiki mwisho wa tumbo kama shati fupi. Ila lebo ni mia na kitu na mwandiko wangu ni mbaya, basi nimenyamaza.

Saa 2 usiku
Narudi kuongeza chambo kwenye ndoo, jua linazama, ndo muda wao wa kuruka. Naangalia simu: usiku wa manane nyuzi 13. Chini ya 15 na nusu usiku hauhesabiki, maana hawaruki vizuri, kwa hiyo lazima tuongeze siku nyingine. Nimebakiwa na panya wawili tu walioiva.