Granti, paswedi na kuku

Jamani leo nimecheka peke yangu ofisini. Mnakumbuka ile granti (hela ya utafiti) ya NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya serikali ya Marekani, niliyokuwa naikimbiza, ya utafiti wa kifafa kinacholetwa na mabuu ya tegu wa nguruwe yakiingia kwenye ubongo? Ni ya aina wanayoiita R21, ya kujaribu wazo jipya, miaka miwili, dola 275,000 za gharama za utafiti wenyewe. Ukurasa mmoja tu wa malengo niliuandika mara kumi na moja, lakini hiyo haikuwa shida. Shida ni usajili, chuo lazima kiwe na namba ya utambulisho inaitwa NCAGE ndo kiingie SAM.gov, tovuti ya Marekani ya kusajili wanaoomba hela za serikali yao, na usajili huo unahuishwa kila mwaka, wa kwetu ulishakufa zamani na paswedi anayo mzee mmoja alishastaafu anafuga kuku kwao. Nampigia ananiambia "subiri kwanza niwape pumba" 😂

Tukatuma saa kumi na dakika 52, mwisho saa 11 jioni.

Majibu yakaja, alama 48. Mama akapiga vigelegele nusu ya mia si haba! Nikashindwa kumwambia huko NIH wanahesabu 10 mpaka 90 na mwenye 10 ndo wa kwanza. Narekebisha natuma tena.