Kitabu pauni mbili, kukituma pauni nne

Mtu anakuuzia kitabu cha zamani mtandaoni kwa pauni 2, kisha anakutoza 4 za kukituma, kana kwamba anasafirisha gunia la mahindi. Mwulize kina unene gani. Posta ya Uingereza huhesabu kama barua kubwa bahasha isiyozidi unene wa sentimita 2.5 na uzito wa gramu 750. Kitabu cha Target, wachapishaji wa vile vijitabu vya Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, mara nyingi kina kurasa 128 na unene wa kama sentimita moja. Panga viwili ubavu kwa ubavu, viwili juu yake: vinne hivyo bado ni barua kubwa. Anayedai bei ya kifurushi kwa kimoja anakula cha juu, basi.

Mliofika Uingereza juzi mtashangaa wenyeji wenye mvi kugombea vijitabu vya watoto. Doctor Who ilianza kuonyeshwa BBC Novemba 1963, na kanda nyingi za miaka ile zilifutwa. Video za nyumbani hazikuwapo, kipindi kikipita kimepita. Mwaka 1973 Target wakachapa upya riwaya tatu za miaka ya sitini zilizotokana na mfululizo huo, na kuanzia Januari 1974 wakatoa mpya. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Kwa mtoto wa wakati ule, kitabu ndicho kilikuwa marudio, na majalada ya Chris Achilleos ndiyo picha pekee aliyobaki nayo. Ndiyo maana wanalia. (Vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea kabisa vilipatikana Jos, Nigeria, habari ikatangazwa 2013. Waliovitengeneza walifuta, Afrika ikatunza. Wakumbusheni.)

Lakini tusijisifu mno. Kufa na Kupona, riwaya ya kijasusi ya Musiba, ilitoka mwaka huohuo wa 1974. Nakala ya toleo la kwanza, nani anayo? Willy Gamba, jasusi wake, kurasa zake tulifungia karanga.

Kwa anayetaka kununua, awe mpenzi au mchuuzi, mtego mkubwa ni namba ya mgongoni. Muuzaji atapiga kelele "namba 1!" na bei juu. Namba zilianza 1983, kitabu kipya cha wakati huo kikapewa 74. Vile 73 vilivyotangulia vikapangwa kwa alfabeti na kupewa namba vilipochapwa tena. Kwa hiyo namba 1 ni The Abominable Snowmen kwa sababu ya herufi A tu, na nakala yenye namba hiyo ni ya kuchapwa tena. Toleo la kwanza la kitabu cha miaka ya sabini halina namba mgongoni. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina: ukikuta mstari wa kuchapwa mara ya pili au ya tatu, punguza bei. Vya mwisho wa miaka ya themanini ndivyo adimu kuliko vya zamani. The Wheel in Space, 1988, ukikikuta kwenye duka la chariti kwa bei ya chai, lipa utoke kimyakimya.

Usikipanue kitabu mpaka kilale bapa. Kurasa hazikushonwa, zimeshikwa na gundi iliyomwagwa moto, nayo baada ya miaka hamsini imekauka kama ganda la muhogo. Ukilazimisha, mgongo unapasuka katikati na kurasa zinatoka kwa mafungu. Karatasi ni ya mbao duni kama ya gazeti, ina asidi, itakuwa ya manjano upende usipende, ila jua huiharakisha, na rangi nyekundu ya mgongo ndiyo hupauka kwanza. Stika ya bei usiikwangue: ipulizie drai ya nywele kwa moto mdogo, ibandue taratibu kutoka kona. Kinachonuka uvundo kifungie wiki mbili ndani ya boksi pamoja na bakuli la mkaa, visigusane. Chenye ukungu mweusi kiache hukohuko, kitaambukiza rafu nzima. Mifuko ya kuhifadhia iwe ya plastiki ya polipropilini. Ile laini ya PVC yenye harufu hunata kwenye jalada na kunyonya wino.

Wanaotuma nyumbani: kumi havifiki hata kilo moja na nusu, chomeka pembeni ya begi la kilo 23, lakini visimame wima, visibanwe na viatu. Vikiwa vinaenda Tanga au Mombasa, viingie sanduku la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na kabati lisiegemee ukuta wa nje. Nairobi na Iringa unyevu si tatizo sana. Huko adui ni mende, anakula gundi.