Betri mpya, giza hili Kibirizi

Jamani, jana hapa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma, taa zetu za kuvutia dagaa zimewaka mpaka alfajiri kwa betri mpya ya lithiamu! Wavuvi wenzangu mnaijua ile saa nane ya usiku, taa zinafifia, dagaa wanatawanyika huku nyavu ziko majini. Inauma.

Betri ya asidi ukiinyonya zaidi ya nusu kila usiku, unaiua. Ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, inavumilia hata asilimia 80. Halafu uzito: ya zamani ya Ah 100 (Ah ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa) ilikaribia kilo 30, tuliibeba wawili, hii kilo 12 hivi, naishusha mtumbwini peke yangu.

Bei ni kubwa, sifichi. Na kagueni kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, kama ina mpangilio wa lithiamu. Yangu haikuwa nao, nimebadilisha juzi.