Magunia 14

Wiki iliyopita hesabu ya stoo iligoma. Magunia 14 ya mchele hayaonekani, na bosi ameshasema yatakatwa kwenye mshahara wangu. Nilihesabu mara tatu. Kumi na nne yaleyale.

Kesho yake nikawahi kazini alfajiri. Baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua, ukipumua unatoa mvuke kama birika. Nikapiga magoti katikati ya magunia, khanga juu ya koti. Nilitaka kuomba kwa mpangilio, yakatoka maneno matatu tu: "Baba, nimechoka. Nionyeshe." Halafu nikalia. Nikakumbuka Zaburi ya 121, ile ya "nitayainua macho yangu niitazame milima", nikatoka nje niutazame mlima Loleza. Ukungu mtupu, mlima wenyewe hauonekani! Nikacheka peke yangu pale Mwanjelwa.

Ila nilirudi ndani nimetulia. Nikafungua daftari, mstari kwa mstari. Jumamosi jioni magunia 14 yalipakiwa, dereva kasaini, ila mwenzangu wa zamu hakuyatoa kwenye jumla. Bosi akasema tu, "Haya, sawa." Pole hakutoa.

Sisemi malaika alishuka kuhesabu. Zile mara tatu nilikuwa nahesabu huku natetemeka, akili haikufika kwenye daftari.

Jumapili napeleka shukrani kanisani, ndizi na mchele. Mchele wa kununua, jamani!