RuneScape ya 2007 bado inajaa watu, na sababu si utoto wetu peke yake

Kila nikiongea na watu kuhusu Old School RuneScape nasikianga jibu moja, ati hiyo ni watu wazima wanakumbuka utoto wao, wakimaliza kukumbuka wataacha. Mimi hiyo maneno siikubali hata kidogo na leo nimeamua kuandika vizuri kwa nini, juu hii gemu naipenda na naona watu wanaihukumu bila kuiangalia. Ni gemu ya mtandaoni ya kuchezwa na maelfu ya watu pamoja, na ilifunguliwa Februari 2013 kutoka kwa nakala ya RuneScape vile ilikuwa Agosti 2007. Mwaka 2025, miaka kumi na mbili baadaye, imefikisha zaidi ya watu 200,000 wakiwa ndani kwa wakati mmoja, na inaendelea kupanda badala ya kushuka. Kumbukumbu za utoto haziwezi kufanya hivyo. Zinakuvuta wiki mbili, unazunguka zile sehemu ulikuwa unapenda, unasalimia, unaenda zako.

Sisemi utoto haumo. Umo, hata kwangu. Sisi wa Kisumu tuliijulia kwa saiba, zile za ghorofani Oginga Odinga Street na zingine kule Kondele, mambo ya shilingi moja kwa dakika, na ukimwambia kijana wa leo kwamba gemu ya maelfu ya watu kwa pamoja ilikimbia kwa zile kompyuta na kwa ile intaneti ya kabla ya 2009, kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa kupitia baharini, hatakuamini. Lakini ilikimbia. Andrew Gower na ndugu yake Paul waliijenga kwa Java, ikatoka Januari 2001 huko Uingereza, na ilikuwa inafunguka ndani ya brauza tu, hakuna kupakua gemu nzima, hakuna kumbembeleza mwenye saiba akuruhusu kuweka kitu kwa mashine yake. Unaandika jina na neno la siri, uko Lumbridge, mji wa kuanzia, unakata mti, unawasha moto, unachoma uduvi ule umevua mwenyewe. Wengi wetu tulijifunza kuandika haraka pale kwa benki ya Varrock, mji mwingine wa gemu, tukitangaza bei ya makaa ya mawe, na Kiingereza cha kubishana bei tulikitoa hapo pia, si darasani.

Mambo yakaanza kubadilika Desemba 2007. Kulikuwa na watu wanauza dhahabu ya gemu kwa pesa halisi, wengine wakilipia akaunti za roboti kwa kadi za benki za kuiba, na Jagex, wenye gemu, wakaamua kung'oa mzizi kabisa. Wakaondoa vita vya mchezaji kwa mchezaji kule Wilderness, eneo la hatari la gemu, na Januari 2008 wakaweka kikomo kwa biashara, kumaanisha hata kumzawadia rafiki yako kitu cha maana ilikuwa haiwezekani tena. Sababu yao naielewa, wezi walikuwa wanawaumiza kweli. Lakini dunia ambayo watu hawawezi kupeana vitu si dunia tena, kila mtu yuko peke yake na begi lake. Hivyo vitu vilirudishwa Februari 2011 baada ya wachezaji kupigishwa kura, halafu 2012 ikaleta mengine mazito zaidi: Squeal of Fortune, gurudumu la bahati ambalo unaweza kununua mizunguko kwa pesa upate zawadi ndani ya gemu, na Novemba ya mwaka huo ikaja apdeti ya Evolution of Combat ambayo ilibadilisha kupigana kote kukawa kwa vitufe vingi vya kubonyeza kwa mpangilio. Mtu aliyezoea ile njia ya kubofya adui na kuangalia chakula chake akaamka akapata amegeuka mwanafunzi kwa gemu yake mwenyewe.

Watu wakahama kwa wingi. Ndio Jagex wakauliza Februari 2013, tukiwafungulia hii nakala ya zamani mtarudi? Zikaja karibu kura 450,000, na tarehe 22 mwezi huo huo seva zikawashwa.

Hapa ndio penye watu hukosa kuelewa. Chukua mtu ametoka Kisumu anaenda Kisii, akapitiliza Ahero bila kukata kulia, akashtukia ako Awasi njia ya Kericho. Anageuza anarudi Ahero. Hajarudi Ahero ati anapakumbuka sana, wala hataki kulala hapo, amerudi juu ndio mahali njia ziliachana na yeye anataka ile ingine. Agosti 2007 ni Ahero ya hii gemu. Watu waliirudia ili waendelee mbele kutoka hapo kwa njia yao, na ndio maana Old School ya leo ina mabosi (maadui wakubwa), nchi nzima na misheni ambazo mwaka 2007 hazikuwepo hata kwa ndoto.

Na kama unadhani uzee wenyewe ndio unapendwa, angalia RuneScape Classic. Hiyo ilikuwa ya zamani kuliko, ile ya mwanzo kabisa kabla ya mabadiliko ya 2004, wahusika ni bapa kama karatasi. Waliiacha ikiwa hewani miaka mingi bila kuiongeza kitu, bila timu ya kuishughulikia, roboti zikajaa, zana za kuilinda zikawa hazifanyi kazi nayo tena, na Agosti 2018 ikafungwa. Kampuni ni ile ile, jina ni lile lile, nayo ni nzee zaidi, na ilikufa. Iliyoishi ni ile iliyopewa watu wa kuijenga, na zaidi ya hapo wachezaji wakapewa sauti juu ya kinachojengwa.

Hiyo sauti ndio nataka tukae nayo kidogo. Old School ina kura za ndani ya gemu, unaenda kwa kibanda unasoma pendekezo unasema ndio ama hapana, na miaka ya kwanza kitu kilihitaji asilimia 75 ndio kiingie, mwaka 2022 ikateremshwa ikawa 70. Si kila kitu kinapelekwa kwa kura siku hizi, lakini yale makubwa huwa yanaenda, na wachezaji hukataa bila huruma. Skili ya Artisan ilikataliwa 2014. Sailing, ya kusafiri kwa mashua, ikakataliwa 2015. Warding ikakataliwa 2019. Hebu fikiria kampuni imekaa na wazo miezi na miezi, imelichora, imelieleza, halafu watu wanasema asanteni lakini hapana, na kampuni inalitupa. Mimi sijui mahali pengine pengi mtu wa kawaida ana nguvu kama hiyo juu ya kitu anacholipia. Sailing ililetwa tena ikapita 2023, wakaijenga wakiuliza maoni kila hatua, ikatoka Novemba 2025, skili mpya ya kwanza tangu Old School ifunguliwe. Kama mtu wa ziwa nilifurahi kupita kiasi, nakubali, lakini hata kama ningekuwa mtu wa mbali na ziwa ningefurahi, juu ilingoja mpaka watu wakasema ndio.

Jambo la pili ni uzito wa kazi. Kufikisha skili moja levo 99 unahitaji XP (pointi za uzoefu) 13,034,431, na ile nusu ya safari iko levo 92, yaani mtu akiona umefika 92 anadhani umemaliza kumbe ndio uko katikati. Watu wanasema huo ni upuuzi wa kupoteza wakati. Lakini ukimwona mtu amevaa ile kepi ya 99 unajua kabisa alivua samaki mpaka akaipata, bila kufika 99 hakuna wa kukuuzia, na hiyo heshima unampa bila kuambiwa. Kwa RuneScape ile ingine, ile kuu iliyobaki na mabadiliko ya 2012, lile gurudumu liligeuka Treasure Hunter mwaka 2014, likaendelea kugawa XP na vitu kwa wenye kulipa miaka zaidi ya kumi, mpaka mwisho wa 2025 Jagex wenyewe wakaomba kura 100,000 za kuliondoa na zikapatikana haraka. Yani ndugu mkubwa amekuja kujifunza kwa mdogo wake.

Pesa zimo pia kwa Old School, siwezi kuficha. Tangu 2015 kuna kitu kinaitwa bond, unanunua kwa pesa halisi unaiuza ndani kwa dhahabu, na kuna wachezaji wanaichukia. Mimi naiangalia kutoka upande wa huku kwetu, ambapo wengi wana wakati lakini kadi ya kulipa ng'ambo kila mwezi hawana. Yule mwenye pesa ananunua bond, wewe unaichukua kwa dhahabu uliyovuna mwenyewe, unapata siku 14 za umemba, yaani uanachama wa kulipia. Hainunui levo. Kwa hiyo nimeikubali, ingawa nikiona mtu mwenye levo za chini amevaa silaha za mabilioni moyo unaniuma kidogo.

Na si RuneScape peke yake. World of Warcraft, gemu nyingine ya mtandaoni, ilitoka Novemba 2004, na mwaka 2013 pale BlizzCon, mkutano wa Blizzard wenye gemu hiyo, mtu akauliza kama watafungua seva za zamani, J. Allen Brack wa Blizzard akamjibu kwamba watu wanadhani wanataka hiyo kitu lakini hawaitaki. Mashabiki wakajifungulia yao bila ruhusa, Nostalrius, ikajaa watu, ikafungwa Aprili 2016 kwa shinikizo la mawakili, na ombi la kuitetea likakusanya sahihi zaidi ya 200,000. Agosti 2019 Blizzard wenyewe wakafungua WoW Classic na foleni za kuingia zikawa za maelfu ya watu. Walichokuwa wanakosa watu ni kitu rahisi sana: mwisho wa 2009 gemu ile iliwekewa mfumo wa kukutafutia kikundi na kuwarusha wote moja kwa moja ndani ya pango, mnapigana, mnaachana, hamkusemezana hata neno. Kwa ile ya zamani unaomba watu kwa mdomo, mnatembea pamoja mpaka mlangoni, mnasubiri aliyechelewa, na yule aliyekusaidia jana unamkumbuka jina. Usumbufu ule ndio ulikuwa unaleta ujirani. Na hata wao hawakukaa 2004 milele, ilipofika 2023 walikuwa na seva ambazo ukikufa mara moja umemaliza, na zingine zenye nguvu mpya juu ya ramani ya zamani. EverQuest ya 1999 nayo ina Project 1999, ya mashabiki, iko hewani tangu 2009, na 2015 wenye gemu wakakubaliana nao iendelee.

Binamu yangu yuko chuo pale Njoro, upande wa Nakuru. Hiyo nakala ya 2007 ikihifadhiwa yeye alikuwa wa kubebwa mgongoni, saiba za Kisumu hakuzijua, kwa hivyo utoto gani huo anaukumbuka? Anaichezea kwa simu, maana tangu Oktoba 2018 akaunti moja inaingia kwa simu na kwa kompyuta bila tofauti. Nilimuuliza anaona nini humo, akaniambia, "Brathe, magemu mengine nikikosa wiki moja ya mitihani napata vitu vimeniishia, ati msimu umefungwa. Huku nikirudi kila kitu changu nakipata vile nilikiacha." Sikuongeza neno, alikuwa amesema vizuri kunishinda.

Wasiwasi wangu ni mmoja. Jagex imeuzwa na kuuzwa tena, mwaka 2024 ikaenda kwa wawekezaji wa CVC, na Januari 2025 wakatuma maswali kwa wachezaji kuuliza kuhusu vifurushi vya umemba, pamoja na cha bei ya chini chenye matangazo ya biashara ndani. Wachezaji walikasirika, wengi wakasitisha malipo, mpango ukawekwa kando. Safari hii. Mtu akiweka pesa nyingi hivyo kwa kitu atataka zirudi, na hizo kura za kibandani hazikuandikwa kwa sheria ya nchi yoyote, ni ahadi tu kati ya kampuni na watu wake. Ndio maana nasema tuendelee kupiga kelele hata kwa vitu vidogo.

Kwa wale wataniuliza wanaanzaje wakiwa huku kwetu: haili bando sana, na usiogope umbali wa seva, gemu inahesabu kila kitendo kwa tiki, yaani pigo la saa yake, ya sekunde 0.6 kwa hivyo ule ucheleweshaji wa mtandao kutoka Nakuru ama Kisumu hauonekani sana mpaka ufike mabosi wagumu. Chagua seva ya Ujerumani ama Uingereza. Anza bila kulipa, sehemu ya bure iko tangu 2015, peleka uvuvi mpaka levo 40, toa dhahabu 30 za nauli ya meli pale Port Sarim uende Karamja uvue lobsta, zina soko kila siku. Na ukiona kijana amesimama hapo kwa gati anaandika Kiswahili, msalimie, kuna uwezekano ni binamu yangu.