Siku moja maishani mwangu: Mauser iliyokataa risasi ya pili

Saa moja na nusu asubuhi nilifungua karakana yetu hapa Arusha, na kabla ya jambo lolote niliandika daftarini namba ya bunduki niliyokuwa naitoa katika kabati la chuma. Nilifungua bolti, yaani komeo la chuma linalosukuma risasi na kuifungia ndani, nikatazama chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, nikaingiza kidole ndani ya chemba na ndani ya magazini, nafasi ya chini inayohifadhi risasi, kuhakikisha kwamba hamna kitu, kisha nikampa kijana ninayemfundisha naye akakagua upya. Hatuanzi kazi kabla ya watu wawili kuridhika.

Bunduki yenyewe ni Mauser 98, bunduki ya Kijerumani ya bolti, iliyozaliwa ya kijeshi, ikitumia risasi ya 7.92x57 (namba ya kwanza ni unene wa risasi na ya pili ni urefu wa ganda, kwa milimita). Kabla haijafika kwangu, karakana nyingine ilikuwa imeifunga mtutu mpya wa 9.3x62, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Mtutu ni mzuri, umekaa sawa na unapiga shabaha vizuri. Tatizo ni kwamba mwenyewe, mzee anayeongoza wageni wa uwindaji, alikuwa akipiga risasi ya kwanza na ya pili inakwama, kichwa chake kikigonga chuma chini ya mlango wa chemba. Kwa mtu anayesimama mbele ya mbogo aliyejeruhiwa, risasi ya pili ndiyo uhai wake na wa watu walio nyuma yake, na ndiyo maana mimi huudhika sana ninapoona kazi ya namna hii ikikabidhiwa nusu.

Saa mbili na nusu nilianza kupima. Risasi ya 9.3x62 ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock wa Berlin, akiwalenga wawindaji na walowezi wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika, yaani pamoja na huku kwetu, na alikusudia iingie katika Mauser ya kawaida bila kuhitaji bunduki ndefu zaidi. Urefu wake wote ni milimita 83.6, wakati ile ya kijeshi ni 82. Ukingo wa kitako cha risasi, yaani mwisho wake wa nyuma, ni uleule, milimita 11.95, hivyo uso wa bolti hauhitaji kuguswa. Hapo ndipo mafundi wengi hudanganyika, wakaona kwamba kubadilisha mtutu peke yake kunatosha.

Tofauti imejificha kwenye bega la ganda, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea kichwa cha risasi. Ganda la kijeshi lina kipenyo cha milimita 10.95 begani, la Bock lina 11.45, tena bega lake liko mbele zaidi kwa sababu ganda ni refu. Katika magazini ya Mauser risasi hupangwa kwa safu mbili zinazopishana, na vitovu vya risasi tatu zinazogusana vinapaswa kufanya pembetatu ya pande sawa. Ili hilo litokee, upana wa ndani wa kasha la magazini uwe kipenyo cha ganda mara 1.866. Nilimwachia kijana apige hesabu mwenyewe: kitakoni, mbele kidogo ya ukingo, 12.1 kunatoa takriban 22.6, na begani 11.45 kunatoa takriban 21.4. Kitakoni kasha lilikuwa linakaribia kipimo hicho. Mahali bega linapokaa, kalipa, kifaa changu cha kupimia, ilisoma 20.6. Kwa hiyo risasi zilikuwa zimebanwa mbele na kulegea nyuma, zikipangana karibu wima badala ya kupishana, vichwa vikisuguana na kuta na kuchelewa kupanda.

Saa nne tulikunywa chai, nami nikampigia mzee simu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza kwamba mtutu wake hauna kosa, na kwamba kasha lake bado linaishi katika risasi ya zamani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Fanya inavyotakiwa, fundi, lakini msimu unaanza Julai.”

Kasha tulilifunga kwenye mashine ya kuchonga chuma na kuondoa milimita 0.4 kila upande, sehemu ya mbele tu. Hiyo ilikuwa kazi ya saa moja, na haina mengi ya kusimulia.

Kazi niliyoiogopa ilianza saa saba mchana, nayo ni reli mbili za juu zinazozuia risasi zisiruke nje ya magazini. Reli hizi ni sehemu ya mwili wa bunduki wenyewe. Ukikata kidogo mno, unaweza kurudia kesho; ukikata kupita kiasi, itabidi uchomelee, na joto la kuchomelea linaweza kuharibu ugumu wa chuma kinachobeba nguvu ya mlipuko. Kwa hiyo sikushika tupa. Nilitoa pini ya kupigia ndani ya bolti, nikachukua risasi za bandia, zisizo na baruti wala fataki na zilizotobolewa ubavuni ili zisichanganywe kamwe na za kweli, nikazipaka masizi ya mshumaa, kisha nikasukuma bolti polepole. Masizi husema ukweli: yanapofutika, hapo ndipo chuma kinapogusa.

Alama ilionekana kwenye bega, upande wa kushoto, ambako reli ilikuwa bado inaishikilia risasi wakati kitako kilikwisha kuanza kupanda. Kwa kawaida ukucha mkubwa wa Mauser, kile chuma cha kwenye bolti kinachoshika ukingo wa risasi, hukipokea kitako kikipanda kutoka chini, hivyo risasi hushikwa kabla haijaingia chembani. Hapa kitako kilipanda huku mbele kumeshikwa, na kichwa kikainama. Nililainisha sehemu ya mbele ya reli kwa jiwe la kunolea lenye mafuta, miondoko kumi, nikapaka masizi tena, nikajaribu, nikarudia. Sehemu ya nyuma sikuigusa hata mara moja, kwa sababu ikiachia mapema, risasi hutangulia mbele ya ukucha, na ukucha wa kijeshi haupendi kulazimishwa kuruka juu ya ukingo. Mizunguko kumi na tisa ilipita, kijana akiihesabu kwa chaki ukutani, kabla risasi ya kushoto haijateleza kama ya kulia.

Saa kumi na nusu tulianza majaribio: risasi nne, bolti ikisukumwa polepole, kisha kwa nguvu, bunduki ikiwa wima, ikilala ubavu, hata juu chini. Tulifanya hivyo mara ishirini na tano bila kukwama hata moja, na kila ganda lilitoka likiwa na alama ya ukucha mahali pake.

Saa kumi na mbili bunduki ilirudi kabatini, nami nikafunga daftari bila kuandika kwamba kazi imekamilika. Risasi zangu za bandia zina kichwa cha mviringo, na mzee hubeba pia zenye pua bapa kwa ajili ya mbogo, ambazo hugusa mwinamo wa chemba mahali tofauti. Kesho ataleta vichwa vitano vya aina hiyo, nitengeneze bandia nyingine na nianze tena na masizi, kabla hatujaenda uwanja wa shabaha na risasi za kweli.