Siku mzee alipopima uwanja wetu kwa nondo

Juzi wa mwisho karudi na homuweki ya sayansi, aina za udongo, kichanga, tifutifu, mfinyanzi, akaniuliza mama sisi hapa kwetu tuna upi. Kabla sijafungua mdomo Mama akadakia huko jikoni, "Mwambie tuna ule uliokula hela zako." Wakacheka mjukuu na bibi yake mpaka basi, mie nikacheka kwa kulazimishwa, alafu usiku usingizi ukagoma nikawa naikumbuka ile Septemba ya 2019 yote upya. Basi ngoja niiandike na mie, maana shemeji akiisimulia yeye ndo shujaa na mie ndo mama anayelia lia.

Wanaoijua Kibaha wanajua. Ukishaiacha lami ya Morogoro Road ukazama ndani, udongo unabadilika badilika, huku mchanga mzuri tu, kule mfinyanzi. Sisi tulipata mfinyanzi. Masika unanata, unanyanyua mguu kiatu kinabaki, kiangazi unakauka jembe linadunda juu yake, alafu unaanza kupasuka, nyufa za kuingiza kiganja. Na sio sisi tu jamani, kuna Mtanzania mwenzetu aliandika tasnifu nzima ya udaktari kule chuo cha KTH, Stockholm, 2008, kuhusu majengo ya Kibaha na huu udongo unaovimba. Yaani nyufa zetu zimefika Sweden, sie wenyewe hata Kariakoo tulikuwa hatuendi, enzi zile vyuma vimekaza.

Kilichotuleta kwenye stori ni njia ya gari. Kutoka getini mpaka barazani ni kama mita ishirini na mwaka wa nyuma yake shemeji alishaimwagia zege, sentimita kumi, juu ya udongo hivo hivo ulivyo, akasema hii inakaa miaka. Ilikaa mpaka masika. Vipande vikawa kila kimoja na mwelekeo wake, kimoja cha mbele kikanyanyuka chini ya geti, geti likagoma kufunguka, tukawa tunapita kimlango cha pembeni na gunia la mchele kichwani. Boza la maji likiona vile linamwaga nje kwa jirani. Mume wangu yuko Mtwara kikazi anasema kwenye simu tafuteni mtu anayejua, simu ikakata, nadhani aliikata.

Aliyetupatia yule mzee ni dereva wa boza. Mzee wa Mlandizi, Mkwere, ujana wake wote kaumalizia kambi za barabara. Akaja asubuhi na baiskeli, nikamwamkia, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye kipande cha zege cha shemeji akanywa chai yake taratibu hajaangalia hata geti. Shemeji alishajiandaa na maswali yake, safari hii tumwage zege la unene gani, nondo za milimita ngapi, tufunge wavu au tusifunge, mzee anaitikia tu mmh, mmh. Akamaliza chai, akaomba nondo.

"Ya milimita ngapi mzee?"

"Yoyote kijana. Iwe imenyooka tu."

Ikaletwa, kipande kirefu cha kumi kilichobaki kwenye rinta. Akakivuta kwenye vidole akakifuta kutu kwa kanga ya Mama iliyokuwa kwenye kamba, Mama akafungua mdomo akaufunga. Alafu akaanza kutembea. Anatembea pembeni ya zege, kichwa chini, ufa huu anauruka, huu anauchungulia, anaurushia punje ya kokoto anasikiliza. Akafika karibu na mwarobaini wa Mama akasimama. Pale palikuwa na ufa ambao sie tulishauzoea, kuku wachanga walikuwa wanadumbukia humo na watoto wanawatoa kwa kijiko. Akapiga goti, akaisimamisha ile nondo, akaiachia ishuke.

Ikashuka. Nilidhani itagonga hapo hapo, haikugonga. Anaishikilia kwa vidole viwili tu, inakwaruza kidogo, anaizungusha, inashuka tena. Shemeji alikuwa na tabasamu lile la "ngojeni tuone", nikawa namwangalia yeye badala ya nondo, nikaliona tabasamu linavyopungua. Watoto wakaja wakachuchumaa. Hata Mama akaacha kuchambua mchicha. Mzee akaisukuma mara ya mwisho, ikagota, akaweka ukucha wa dole gumba pale pale usawa wa ardhi, akaivuta polepole kama anatoa kitu kitakachovunjika, akasimama nayo wima mbele yetu. Ukucha ulikuwa juu ya mshipi wake.

Hakuna aliyesema kitu. Yeye akasema, "Maji."

Nikaleta ndoo ya lita ishirini. Akaimimina yote kwenye ule ufa, sio kwa haraka, kidogo kidogo, sote tunasubiri yafurike. Hayakufurika. Yalikuwa yanaingia tu, hayatoi hata sauti ya maana, ndoo ikaisha ufa uko vile vile mkavu juu. "Ongeza." Hapo Mama akashindwa, "Baba, maji ya kununua hayo!" (Na bomba kubwa la maji ya Ruvu linapita hapa hapa Kibaha linaelekea Dar, ila hiyo tuiache leo.) Nikaongeza. Nayo ikaenda.

Mzee akamgeukia shemeji. "We kijana unaniuliza zege la unene gani. Mie nakuuliza maji yameenda wapi."

Shemeji hakuwa na jibu na mie sikuwa nalo, ila namkumbuka alivyoinama akachungulia ule ufa kwa tochi ya simu, mtu mzima, na shati la ofisini.

Ndo akatueleza, na alieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha. Kwamba gari yetu haina kosa lolote, IST ina uzito gani hata ivunje zege. Huu mfinyanzi umejengeka kwa vijipande vyembamba mno, maji yakija yanaingia katikati yake na kuvisukuma viachane, udongo unavimba na una nguvu ya kunyanyua zege, nyumba, chochote. Yakikauka unanywea unarudi chini. Ungekuwa unavimba wote kwa pamoja wala usingejua. Tatizo ukishaufunika, katikati panabaki na unyevu wake ule ule, pembeni panalowa na kukauka kila msimu, pembeni panapanda na kushuka katikati pametulia, na zege halijui kujikunja, linakatika. Kwa hiyo kazi yenu, akasema, ni kuyazuia maji yasiingie wala yasitoke. Unene baadaye.

Kazi yenyewe siwezi kuisimulia yote, nilikuwa naingia zamu na kutoka nakuta shimo limebadilika sura. Walivunja zege la shemeji kwa nyundo (alihudhuria, nampa hiyo heshima), wakachimba sentimita 50 kwenda chini, na kwa upana wakazidisha nusu mita kila upande kuliko njia yenyewe. Hapo tukagombana mara ya kwanza, kwa nini tuchimbe ambapo gari haipiti. Kumbe ndo hapo hapo pembeni panapocheza.

Ugomvi wa pili ulikuwa mkubwa. Shimo limeshakamilika, kavu, safi, shemeji keshatafuta mchanga wa bei nzuri wa kujazia, mzee akaukataa. Mchanga unapitisha maji, mfinyanzi chini hauyapitishi upesi, mtakuwa mmejitengenezea bakuli, maji yatakaa humo wiki nzima yanalisha udongo. Anataka moramu, ile nyekundu inayoshikana. Na kabla ya moramu anataka shimo LIMWAGILIWE. Jioni na asubuhi, siku kadhaa, maji ya boza, kwenye shimo! Kwamba ukiufunika ukiwa mkavu kabisa utavimba baadaye ukiwa na mzigo juu, bora uvimbe sasa tunaouona. Shemeji akaondoka kwa hasira akaacha mpaka kofia. Mie ndo nikabaki na mpira mkononi namwagilia shimo la mfinyanzi mwezi wa tisa, majirani wanapita wanasalimia kwa upole ule wa kumsalimia mgonjwa.

Baada ya hapo mambo yalienda. Chokaa kutoka Tanga ikamwagwa chini, wakaichanganya na udongo kwa majembe kina cha kama sentimita 15, wakaiacha ifanye kazi, na kweli ule udongo ukabadilika, ukawa unamong'onyoka badala ya kunata, niliushika mwenyewe. Wakaushindilia. Moramu ikaja ikawekwa kwa matabaka, sentimita 15, maji kidogo, kompakta (mashine ya kushindilia), tena 15, tena 15, mzee akisikia vijana wanataka kujaza mara moja anazima mashine. Pembeni kila upande nailoni nzito ikashushwa wima kwenye mtaro ili unyevu usivuke. Kingo za zege, mchanga sentimita nne, alafu pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga. Shemeji (alirudi, kuifuata kofia yake) akataka zile za sentimita sita zinatosha gari ndogo, mzee akamuuliza boza lako la lita elfu kumi, maji peke yake si tani kumi? Tukaweka za nane. Mteremko sentimita mbili kila mita kwenda kwenye mfereji, na mabomba ya mvua ya bati yakaelekezwa huko huko, zamani yalikuwa yanamwaga miguuni pa zege. Njia ikatokea sentimita saba juu ya uwanja, watoto wakaifanya jukwaa.

Hesabu yake siisemi hapa, mume wangu anasoma.

Ikabaki mwarobaini. Mzee alisema mapema na akarudia, mti ule unakunywa maji chini ya njia yenu, kiangazi utaukausha udongo upande huo na pembe itashuka, aidha mti au njia, kimoja kisogee. Njia ilikuwa haina pa kusogea. Mama alikuwa anakunja nguo, hakunyanyua hata kichwa, akasema "Atakayeukata huo anikate na mie." Mti huo aliupanda yeye wiki tuliyohamia, nyumba haina hata madirisha. Mzee akatazama mti, akatazama Mama, akacheka. "Basi dada, ndo maana nimewawekea pevingi. Zikishuka mtazing'oa mtapanga tena. Ila kwa pembe hiyo msinipigie simu."

Vuli ya mwaka ule mnaikumbuka, ilinyesha mpaka tukaanza kuulizana ni nini hiki. Njia ilitulia. Boza liliingia likatoka, geti linafunguka kwa kidole. Na masika ya 2024 nayo ikapita, ikatulia. Pembe ya mwarobaini kila kiangazi inashuka kama vidole vitatu vilivyolala, mvua zikija inapanda tena, karibu pale pale ilipokuwa.

Sasa watu wakija wanauliza siri nini, chokaa, moramu, nailoni, au kule kumwagilia shimo, na mie nawajibu kwa kujiamini kabisa, ila ukweli sijui. Tulifanya vyote kwa mkupuo, nitajuaje kipi kilifanya kazi na kipi kilikuwa hela tu. Jirani wa nyuma, udongo ule ule, alimwaga kokoto za Lugoba juu yake bila hata kuchimba, mfinyanzi unazimeza, kila mwaka anaongeza, na gari yake inaingia kila siku kama yangu. Nikipiga hesabu ya kokoto zake na ya shimo langu kuna miaka inabidi nizime kikokotoo.

Na kuhusu ile pembe. Mwaka jana haikushuka sana. Mama anasema ni maji yake ya kuoshea vyombo, anayamwaga kwenye mwarobaini kila jioni ili mti "usiende kuomba maji kwa watu", na kwa maelezo ya yule mzee siwezi kumbishia kabisa. Shemeji anasema upuuzi, pevingi zimeshakaa tu. Tumekubaliana Septemba ijayo zing'olewe zile za pembeni tuone chini kuna nini, yeye atakodi kompakta, mie mchanga. Mama kasema kama ni kuchimba karibu na mti wake, siku hiyo mafundi wajiletee chakula kutoka kwao.